Baba alifariki kwa figo, nami sukari imeanza kupanda

MASWALI YA WASOMAJI KUHUSU AFYA

Swali la kwanza

Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nina watoto watatu. Marehemu baba yangu alifariki mwaka juzi akiwa na miaka 61, baada ya kusafishwa damu kwa mashine huko Unguja kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo. Tulikuwa tukijua siku nyingi kwamba ana sukari na presha, lakini hakuna aliyetwambia kwamba figo zake zina tatizo mpaka alipovimba miguu na uso na kuanza kutapika. Shangazi yangu naye ana sukari, na bibi mzaa baba alipooza upande mmoja kabla ya kufariki. Upande wa mama sijasikia ugonjwa wa namna hii. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu, na huyo ami, ambaye sasa ni baba mkwe wangu, pia anatumia dawa za presha.

Katika mimba yangu ya mwisho, miaka minne iliyopita, presha ilinipanda, nikavimba, na nikazalishwa kabla ya wakati. Baada ya kujifungua presha ilishuka, kwa hivyo sikurudi tena kupima. Mwezi uliopita watu wa afya walikuja skulini kutupima walimu. Presha yangu ilikuwa 138 kwa 88, na sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4. Waliniambia niko mpakani. Nina uzito wa kilo 78 na urefu wa sentimita 158, na sijisikii kuumwa popote.

Naomba kujua kama maradhi haya ya ukoo yana kinga, na kama ndoa yetu ya jamaa inawaongezea watoto wetu hatari. Pia naomba unisaidie kuhusu kaka yangu mwenye miaka 43, dereva wa gari ya abiria, ambaye hataki kabisa kupimwa. Yeye anaamini kwamba dawa za presha ndizo zilizoharibu figo za baba. Mgongo ukimuuma hununua vidonge vya diklofenaki dukani, na siku hizi huvinywa karibu kila siku.

Jibu

Waalaykum salaam, mwalimu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu. Barua yako ina mambo mazito kuliko maswali uliyoyauliza, na lililo zito zaidi umelitaja kwa kupita tu, nalo ni ile presha ya mimba ya mwisho. Nitalifikia, lakini kwanza tumalize habari ya ukoo.

Unapoyataja maradhi ya baba yako unataja matatu: sukari, presha na figo. Kwa wagonjwa walio wengi, hata hivyo, hayo matatu ni hadithi moja yenye mpangilio wake, kwa sababu kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikubwa viwili vya ugonjwa sugu wa figo duniani, na figo huwa ndiyo sura ya mwisho. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja, na figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa mwilini na kubaki lita moja na nusu hivi za mkojo. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu kuta za vichujio hivyo, na presha ikiwa juu huvisukuma kwa nguvu visizoweza kuzihimili, mpaka protini inayoitwa albumini inaanza kuponyoka na kutoka kwenye mkojo kama machicha yanavyopita katika kifumbu kilicholegea. Kichujio kikishageuka kovu hakirudi. Tena figo iliyoumia huhifadhi chumvi na kutoa vichocheo vinavyopandisha presha, kwa hivyo presha inaharibu figo na figo inaongeza presha.

Kwa nini hamkuambiwa mapema? Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyejua, kwa kuwa figo hufanya kazi kimya kimya mpaka uwezo wake umeshuka sana, na kuvimba pamoja na kutapika kama kulikompata baba yenu kwa kawaida huja wakati uwezo uliobaki hauzidi sana asilimia 15. Ugonjwa unaweza kuonekana miaka mingi kabla ya hapo kwa vipimo viwili, yaani damu ya kupima kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa, na ambayo kwayo hukadiriwa kasi ya uchujaji, na mkojo wa kupima albumini. Kasi hiyo ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi mitatu, au albumini ikiwa inavuja kwa muda huohuo hata kama kasi ni nzuri, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Mgonjwa wa sukari anayepimwa sukari peke yake kila anapokwenda kliniki, bila kupimwa mkojo na kreatinini angalau mara moja kwa mwaka, hajapimwa vya kutosha. Hili nalisema kwa wasomaji wote, na shangazi yako ni wa kwanza.

Sasa kurithi. Kisukari cha ukubwani, yaani cha aina ya pili, na presha ya kawaida havitokani na kasoro moja inayopita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto. Vinatokana na vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba mtu ambaye mzazi wake mmoja ana kisukari cha aina ya pili ana uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kukipata katika maisha yake, na wazazi wote wawili wakiwa nacho uwezekano hufika karibu asilimia 70. Hesabu hizo zimetokana zaidi na watu wa Ulaya, kwa hivyo zichukue kama zinazoonyesha mwelekeo. Hata hivyo angalia upande wa pili wa hesabu hiyo: kwa mzazi mmoja, walio wengi hawakipati.

Jambo jingine ni kwamba watu wa ukoo mmoja hawarithiani damu tu. Wanakula chungu kimoja, wanakolea chumvi kwa mkono mmoja, wanakunywa chai yenye sukari kiasi kilekile. Kwa Pemba naongeza jambo ambalo husahaulika, nalo ni kwamba watoto wa nyumba moja waliooga katika kijito kimoja huenda wote waliugua kichocho, na kichocho cha mkojo kisipotibiwa kwa miaka mingi huweza kuziba njia za mkojo na kuharibu figo kwa nyuma. Maambukizi yamepungua sana Unguja na Pemba kutokana na ugawaji wa dawa, lakini kwa wazee waliokua kabla ya hapo swali la kukojoa damu utotoni bado ni la maana.

Kwa sababu hizo ningependa uyatafute makaratasi ya hospitali ya marehemu baba yako, na ukae na shangazi mzungumze bila haraka. Muulize sukari ya baba ilijulikana akiwa na umri gani, na kama presha ilikuwepo kabla ya sukari. Muulize kama kuna mtu katika ukoo aliyeugua figo akiwa kijana, bila sukari wala presha, au aliyekuwa akikojoa damu, au aliyepoteza usikivu mapema pamoja na figo. Katika makaratasi angalia jibu la altrasaundi ya tumbo, hasa kama imeandikwa kuwa figo zilikuwa kubwa na zimejaa vifuko vya maji. Upo ugonjwa wa vifuko vya figo ambao kwa kawaida hurithiwa kwa namna ambayo kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu, na huo una njia yake ya kufuatiliwa. Kwa maelezo yako sidhani kwamba baba yenu alikuwa nao. Sukari na presha za muda mrefu, kisha figo zikafeli kwenye umri wa miaka 60, ni mtiririko unaojieleza wenyewe. Lakini karatasi moja ya altrasaundi inaweza kuondoa shaka ambayo vinginevyo mtakaa nayo nyote.

Kuhusu ndoa yenu, uwe na utulivu. Ndoa ya watoto wa ndugu huongeza kidogo uwezekano wa maradhi yale ambayo mtoto huyapata tu iwapo amepokea kinasaba kibovu kutoka kwa wazazi wote wawili, kama vile selimundu. Sukari na presha hazifuati kanuni hiyo. Kinachowahusu watoto wenu ni jambo rahisi zaidi: wana ukoo wenye presha pande zote mbili, jambo ambalo lingekuwa vilevile kama ungeolewa na mtu baki ambaye baba yake ana presha. Hakuna haja ya kuwachoma sindano kila mwaka. Wapimwe presha wanapofika kituo cha afya kwa shughuli nyingine, wasizoeshwe soda na juisi za pakiti, na kama kuna mmoja ambaye ni mnene, huyo apimwe sukari kuanzia miaka 10 au anapoanza kubalehe.

Na sasa wewe mwenyewe. Presha iliyopanda mimbani pamoja na kuvimba, hadi ukazalishwa kabla ya wakati, inafanana sana na hali inayotangulia kifafa cha mimba. Wengi huamini kwamba mtoto akishatoka yamekwisha. Presha hushuka ni kweli, lakini mwanamke aliyepitia hali hiyo ana uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kupata presha ya kudumu baadaye kuliko mwenzake ambaye hakupitia, na uwezekano wa kiharusi na maradhi ya moyo nao huongezeka, kama unavyoongezeka ule wa figo, ingawa wanaofikia figo kufeli ni wachache. Kwa maoni yangu habari hiyo ya mimba inastahili kupewa uzito sawa na habari ya baba yako, kwa kuwa imetoka katika mwili wako. Kila daktari utakayemwona umwambie, hata asipouliza, na ukipanga mimba nyingine nenda kliniki mapema sana, kwani kuna dawa ya kupunguza uwezekano wa hali hiyo kurudi ambayo huanzwa tangu miezi ya mwanzo.

Vipimo vyako ni vya mpakani kweli. Presha ya 138 kwa 88 haijafika mstari wa 140 kwa 90 unaotumika kutambua ugonjwa, lakini iko mbali na 120 kwa 80. Isitoshe ulipimwa skulini, pengine ukiwa umetoka kupanda ngazi au kugombana na darasa. Rudia kwa siku mbili tofauti, ukiwa umekaa kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umepumzishwa usawa wa moyo, bila kunywa kahawa nusu saa kabla, na upimwe mara mbili kwa kila kikao. Sukari ya 6.4 kabla ya kula iko kati ya 6.1 na 6.9, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupanda bila kuwa kisukari bado. Kuanzia 7.0 ni kisukari, kikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Nenda Hospitali ya Wete, au ya Chake Chake, au ya Abdalla Mzee Mkoani ikiwa una jamaa huko, uombe sukari irudiwe, kreatinini, na albumini ya mkojo. Wakikuuliza kwa nini unataka vipimo vya figo na huumwi, waambie habari ya baba na ya mimba. Hiyo ni sababu ya kutosha.

Kwa uzito na urefu ulioutaja umeingia katika daraja la unene uliopitiliza, na hapa ndipo palipo na kinga uliyoiuliza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa mpakani kama wewe, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, wakati waliopewa vidonge vya metfomini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Kwako wewe asilimia 7 ni kama kilo tano na nusu. Siyo mwili mpya. Ni kurudi karibu na ulivyokuwa miaka michache iliyopita. Sikwambii uache wali wa nazi, kwa sababu najua hutoacha, ila sahani iliyokuwa ya wali mtupu na kitoweo kidogo igeuzwe nusu yake iwe mchicha, bamia au kunde. Chai ya asubuhi na ya alasiri iwe bila sukari. Ladha huzoeleka baada ya wiki chache, na hakuna sukari iliyo rahisi kuiondoa kama hiyo.

Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku kwa vyote unavyokula, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kupita ukingo. Kwa mla ng'onda na papa mkavu, kiasi hicho huisha kabla hajatia chumvi kwenye mchuzi. Samaki wa chumvi aloweshwe, maji yamwagwe, achemshwe na maji yamwagwe tena, na siku hiyo mchuzi usiongezwe chumvi. Samaki mbichi tunao, na kwa kweli sioni sababu ya nyumba yenye ukoo wa presha kula wa chumvi zaidi ya mara moja moja.

Kaka yako ananitia wasiwasi kuliko wewe. Yeye ana ukoo uleule, umri umesogea, kazi yake ni ya kukaa, na hunywa diklofenaki karibu kila siku. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayoingia kwenye figo na pia hupandisha presha. Kwa mtu mzima mwenye afya anayezinywa siku mbili tatu, madhara kwa kawaida ni madogo. Kwa mtu mwenye presha asiyoijua, anayeendesha gari juani na kujizuia kunywa maji ili asisimame kila mara, vidonge hivyo vya kila siku vinaweza kuwa ndiyo njia ya kuelekea kule alikofika baba. Maumivu yakimzidi atumie parasetamoli kwa kipimo chake, na mgongo wenyewe ukaangaliwe.

Dhana yake kuhusu dawa za presha ni ya watu wengi, nami naielewa ilikotoka. Walimwona baba anaanza dawa, kisha wakamwona figo zinafeli, wakaunganisha. Ukweli ni kwamba dawa kama enalapili na losatani hushusha shinikizo ndani ya vichujio vyenyewe na kupunguza protini inayovuja, na ndizo zinazochaguliwa kwanza kwa mgonjwa wa sukari ambaye albumini yake imeanza kuonekana. Ni kweli kwamba kreatinini inaweza kupanda kidogo wiki za mwanzo, na ndiyo maana daktari hurudia kipimo baada ya wiki moja au mbili. Ikipanda kwa zaidi ya asilimia 30 hutafuta sababu. Ni kweli pia kwamba hazifai kwa mjamzito, na hilo linakuhusu wewe ikiwa siku moja utaandikiwa. Lakini kinachoharibu figo ni presha isiyotibiwa, au inayotibiwa wiki hii na kuachwa wiki ijayo kwa kuwa kichwa hakiumi.

Maneno yangu hatayasoma, wala yako hatayasikia. Mdogo akimhimiza mkubwa kupimwa mara nyingi huonekana anamwombea maradhi. Mwombeni shangazi. Yeye ni mkubwa wake, ana sukari, na alimwona kaka yake akiondoka. Awaite nyote nyumbani kwake siku moja, alete mhudumu wa afya au mashine ya presha, na aanze kupimwa yeye.

Swali la pili

Mimi ni mwanamume wa miaka 54, mkaazi wa Makunduchi. Nina sukari mwaka wa tisa sasa. Ndugu yangu ameanza kusafishwa damu mwaka huu, nami nikaogopa. Nimeambiwa kwamba metfomini ndiyo inayochosha figo, kwa hivyo nimeiacha, na badala yake kila asubuhi nakunywa bilauri ya maji ya birimbi mbichi zilizosagwa ili kusafisha figo. Je, nipo sawa?

Jibu

Hapana, bwana, na nakuomba uache birimbi hizo leo. Birimbi ina okisaleti nyingi, kemikali ambayo mwilini huungana na kalisi na kutengeneza chembe ngumu ndani ya figo. Madaktari wa jimbo la Kerala nchini India wameripoti wagonjwa ambao figo zao ziliacha kufanya kazi ghafla baada ya kunywa maji mazito ya tunda hilihili, wengine wakiwa wamelinywa kama dawa ya asili, na baadhi walilazimika kusafishwa damu. Achari ya birimbi kidogo pembeni ya sahani si ninayoizungumzia. Tatizo lake ni chumvi zaidi kuliko birimbi. Ninachokikataa ni bilauri nzima, mbichi, kila siku, tena kwa mtu ambaye kisukari kimekuwa naye miaka tisa. Dawa yoyote ya miti inayouzwa kwa sifa ya kusafisha figo iulizwe swali moja kabla ya kunywewa: ni nani aliyempima kreatinini anayeinywa? Mara nyingi hakuna.

Metfomini haiharibu figo. Watu wamechanganya mambo kwa sababu figo zikishadhoofika daktari huipunguza, kasi ya uchujaji inaposhuka chini ya 45, na huisimamisha kabisa ikishuka chini ya 30, kwa kuwa dawa hutolewa mwilini kwa njia ya figo na isipotoka hujikusanya. Kuiacha bila kupimwa kumekuachia sukari ipande, na hiyo ndiyo inayochosha figo. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye kisukari hupata ugonjwa wa figo, na wewe una ndugu aliyeshaufikia, kwa hivyo nenda wiki hii ukapime kreatinini, albumini ya mkojo, potasiamu, na sukari ya wastani wa miezi mitatu. Waeleze kuhusu birimbi bila kuona haya, maana bila habari hiyo jibu la kreatinini linaweza kuwapoteza. Macho nayo yaangaliwe, kwani mishipa midogo ya jicho na ya figo mara nyingi huumia pamoja. Presha yako ilengwe chini ya 130 kwa 80. Ikiwa albumini imeanza kutoka, muulize daktari kuhusu dawa za kundi la dapagliflozini, ambazo hushusha sukari na, jambo kubwa zaidi, zimethibitika kuchelewesha kudhoofika kwa figo.

Habari ya kukatazwa madafu, tende na ndizi, ambayo wengi huisikia kwa mgonjwa wa mashine kisha wakaitumia kwa kila mtu, inamhusu yule ambaye potasiamu yake, madini yaliyo mengi katika vyakula hivyo, imepanda kwenye damu. Kwako tende na madafu vina swali la sukari kwanza. Ya potasiamu yasubiri kipimo.

Swali la tatu

Kaka yangu wa baba mmoja mama mmoja anahitaji kupandikizwa figo. Mimi nina miaka 29, sijazaa bado, na mama yetu ana kisukari. Je, nafaa kumtolea figo yangu?

Jibu

Unaweza kufaa, lakini isiwe jambo la kuamuliwa katika kikao cha ukoo kabla ya hospitali kusema. Upandikizaji wa figo ulianza kufanyika nchini Tanzania mwezi wa Novemba mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, hivyo si lazima tena safari ya India kama zamani. Ndugu wa tumbo moja mara nyingi ndio wanaolingana vizuri zaidi. Ila kulingana kwa damu ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kama figo moja itakayobaki itakutosha wewe mpaka uzeeni.

Kwanza ijulikane figo za kaka yako zimefeli kwa sababu gani. Ikiwa ni ugonjwa wa vifuko vya maji, lazima wewe upigwe picha kwanza, na kwa umri wako altrasaundi peke yake huenda isitoshe kukutoa katika shaka. Ikiwa ni kisukari, basi mzazi anacho na ndugu anacho, nawe ni kijana ambaye mwili wako bado haujaonyesha utakwenda wapi. Kupimwa sukari saa mbili baada ya kunywa glukosi ni lazima, na madaktari wengine watasita hata jibu likiwa zuri, hasa kama una uzito mkubwa. Mwenye kisukari kwa kawaida hachukuliwi, wala mwenye presha isiyodhibitika. Kaka au dada mwenye miaka 45 ambaye vipimo vyake vyote ni vizuri wakati mwingine huwa mtoaji bora kuliko mdogo wa miaka 29, kwa sababu tayari amevuka miaka mingi bila ugonjwa kujitokeza, kwa hivyo wakubwa wako nao wapimwe.

Na kwa kuwa hujazaa, mwambie daktari wa upandikizaji mapema kwamba unatarajia watoto. Wanawake wengi waliotoa figo wamezaa salama, lakini uwezekano wa presha ya mimba huwa mkubwa kwao kuliko kwa wenzao, na mimba hupangwa baada ya mwili kupona kabisa, kwa kawaida si chini ya miezi sita, kisha hufuatiliwa hospitalini kwa karibu tangu mwanzo.